Mita Themanini na Nne za Mbuya

Tangu nistaafu, mguu wangu wa kulia huamka kabla yangu. Alfajiri, msikiti wa jirani haujaadhini, nauhisi ukisukuma shuka kana kwamba unatafuta pedali. Nami nikiwa bado kati ya usingizi na macho, naiona barabara imejaa ukungu, haina gari wala mtu, na ule mstari wetu usioonwa ila na sisi umelala kando ya lami kama uzi ulioangushwa. Halafu naamka kabisa, nakumbuka kwamba baiskeli iko stoo na funguo mnazo nyinyi.

Ni nyinyi, wapimaji mlioshika nafasi yangu, mlionitaka niandike. Mnasema wakimbiaji wanawasumbua na saa zao za mkononi, zile zinazoongea na setilaiti, kwamba kila mbio mkipima kilomita kumi, saa zinasema kumi na kitu. Walinisumbua na mimi pia, miaka na miaka. Mara moja tu hawakunisumbua hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Nitafika huko.

Niliingia chama chetu cha mbio kama karani wa barua. Waliniajiri kwa ajili ya Kiswahili. Kwetu tunakisema tangu mababu walipokuja bara na misafara ya biashara, na baba yangu aliuza vitambaa katika soko la Kikuubo kwa Kiswahili hata kwa wateja ambao hawakukijua. Chama kilikuwa na mpimaji mmoja tu wa njia, Mwalimu Wekesa, Mkenya aliyeishi Kampala miaka ishirini bila kukubali kutamka neno la Kiganda zaidi ya salamu. Kila kijana aliyepelekwa kumsaidia alirudi baada ya wiki akisema haelewi anachoagizwa. Nikapelekwa mimi.

Siku ya kwanza alinitazama kuanzia ushungi hadi viatu.

"Unajua kuendesha baiskeli?"

"Najua, Mwalimu."

"Vizuri. Leo hutaendesha."

Siku nzima tulichuchumaa kando ya barabara moja iliyonyooka, yeye upande huu na mimi upande ule, tukivuta tepu ya chuma. Tulipima mita mia tatu mara ya kwanza, tukapima mara ya pili, na kwa kuwa majibu yalitofautiana kwa upana wa kidole, tukapima mara ya tatu. Jioni magoti yalikuwa yananiwaka. Nilipomuuliza kwa nini tusiipime njia nzima kwa tepu, akanijibu kwa upole usio wa kawaida yake, "Kwa sababu tutazeeka, Rukia."

Kesho yake ndipo nikaelewa. Kwenye ekseli ya gurudumu la mbele alikuwa amefunga kihesabio, kidude kidogo cha namba zinazozunguka gurudumu linapozunguka. Unapanda baiskeli juu ya zile mita mia tatu mara nne, unaandika namba, unajua gurudumu linatoa hesabu ngapi kwa kilomita. Halafu unakwenda kupima njia. Ukimaliza, unarudi pale pale na kupanda tena mara nne, maana jua likishatoka hewa ya ndani ya tairi hutanuka, gurudumu linakuwa kubwa kidogo, na namba za saa kumi na mbili asubuhi si namba za saa tatu. Mambo haya mnayajua. Nayaandika kwa sababu yapo mambo mtu huyajua mpaka siku anapochoka.

Kwa mwezi mzima ndugu zangu wa dukani hawakuniuliza habari za kazi. Binti wa Kiislamu juu ya baiskeli, gauni limefungwa kiunoni, suruali chini, akipita mbele ya wateja! Baba ndiye aliyewanyamazisha. Alisema tu, "Anapima." Kwa muuza vitambaa, neno hilo lilitosha.

Tulikuwa tunapima kabla mji haujaamka, na hapo ndipo kazi hii ilipoingia moyoni mwangu ikakaa. Ukungu hujaa mabondeni, vilima vinabaki juu peke yake, huna hakika kama vimesimama au vinaelea. Wale ndege wakubwa wenye vipara, kaloli, wamejipanga juu ya mapaa kama wazee wanaosubiri kikao. Wewe unafuata mstari, sentimita thelathini kutoka ukingo wa kona, unakata moja kwa moja kutoka kona hii hadi ile, njia fupi kuliko zote anazoweza kupita mkimbiaji bila kuiba. Kihesabio kinalia tik-tik. Baada ya kilomita tatu nne huhisi tena kuwa unaendesha. Barabara ndiyo inayopita chini yako polepole, na fikra zako zinatangulia mbele kidogo, zinakusubiri kwenye kona. Nimewahi kufika mwisho wa njia nikamkuta Mwalimu Wekesa ameketi kwenye jiwe, nikashindwa kusema tulikuwa tumepita mitaa gani. Namba kwenye daftari zilikuwa sahihi zote. Hakunigombeza. Alisema na yeye hupotelea huko.

Kwa kila kilomita alikuwa anaongeza mita moja, makusudi, ili njia isije ikapungua hata tukikosea. "Wakikulalamikia ni ndefu, kalale," aliniambia siku aliponikabidhi tepu na kurudi kwao. "Wakikushukuru, rudi barabarani."

Nilicheka. Nilidhani ni tabia yake tu ya kutopenda kushukuriwa.

Saa zikaja. Mwanzoni walizivaa wageni na watu wa maofisini, baadaye hata vijana walionunua zilizotumika, vioo vimepasuka. Nakumbuka bwana mmoja mnene, mpole, aliyenifuata ofisini baada ya mbio zilizopita katikati ya mji. Saa yake ilisema kilomita kumi na mita mia tatu. Alikuwa na ramani ya njia yake kwenye simu. Tuliitazama pamoja.

"Ssebo," nikamwambia kwa heshima ya Kiganda, "hapa Kikuubo umepita juu ya paa la duka la vitenge."

Akaisogeza karibu na macho. "Sikupita juu ya paa."

"Na hapa umevuka ukuta mara mbili, ukarudi."

Aliitazama ile ramani muda mrefu, akaanza kutabasamu kama mtu anayeonyeshwa picha yake akiwa amelala. Nikamweleza kama ninavyowaeleza nyinyi. Saa haipimi barabara. Kila baada ya sekunde inauliza juu, "Niko wapi?" na jibu linakuja limekosea hatua mbili tatu, mara kushoto, mara kulia. Inaunganisha majibu hayo, na mstari uliopindapinda siku zote ni mrefu kuliko ulionyooka. Kwenye vichochoro vya maghorofa na mabati, mawimbi yanagonga kuta kwanza, saa inasikia mwangwi. Nyingine, ili kuokoa chaji, huuliza kila baada ya sekunde kadhaa, na hizo zinakata kona na kupunguza. Juu ya hayo, mkimbiaji mwenyewe hafuati mstari wetu. Anakwepa dimbwi, anampita mwenzake kwa nje, anakwenda upande wenye kivuli. Kwa hiyo njia yetu ya kumi ikiwa sahihi, saa nyingi zitasema kumi na mita hamsini, kumi na mita mia moja, hata zaidi. Yule bwana aliondoka ameridhika, na nadhani alikuwa na fahari kidogo ya kupita juu ya mapaa.

Sasa Mbuya.

Mbio zile tuliziandaa kila mwaka, kilomita kumi, zinapanda kilima hicho cha Kampala hadi mahali pa kugeukia na kurudi. Njia niliipima mwenyewe, na mahali pa kugeukia nilipigilia msumari kwenye lami. Katika daftari niliandika pia alama ya kusaidia: nguzo ya nne ya umeme kutoka lango la kanisa. Mwaka huo ninaousema, uliokuwa wa mwisho kabla ya huu wa kustaafu, sehemu ile ya barabara ilikuwa imewekwa lami mpya. Nilijua. Nilipaswa kwenda siku moja kabla, kuutafuta msumari, na ukiwa umefukiwa, kupima upya. Siku hiyo ilinyesha tangu asubuhi. Nilikaa dirishani na chai ya tangawizi nikitazama maji yakishuka, nikasema moyoni, nguzo ipo, nguzo haifukiwi na lami. Nikatia sahihi fomu kwamba alama zote nimezikagua. Asubuhi ya mbio nikampigia simu msimamizi aliyekuwa huko juu.

"Weka koni nguzo ya nne kutoka langoni."

"Ya nne. Kale, sawa, Mama Lukia," akajibu, na Rukia ikageuka Lukia mdomoni mwake kama kwa Waganda wengi.

Aliweka ya nne. Hakukosea yeye.

Aliyeshinda upande wa wanawake alikuwa msichana anaitwa Nambi, msusi wa nywele wa mtaa wa Kamwokya, mwembamba, anayekimbia kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Chama kilikuwa kimeweka kipimo: mwanamke atakayemaliza chini ya dakika thelathini na nne atakwenda kukimbia nje ya nchi, kwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Nambi alimaliza kwa thelathini na tatu na sekunde hamsini na moja. Alilala chini kwenye nyasi akicheka na kulia, wenzake wakimmwagia maji.

Na watu wakaja kunishukuru. Mmoja baada ya mwingine walinionyesha mikono yao. Kumi kamili. Tisa nukta tisa tisa. Kumi na mita ishirini. "Leo Mama Lukia na saa yangu mmepatana!" Nilipeana nao mikono. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, kilima chote kinatoa mvuke, nami nilikuwa nimeingia katika ile hali ya kuelea, kila kitu laini. Sikulisikia onyo la Mwalimu Wekesa likiniita.

Aliyeniamsha ni Afande Odongo. Huyu alikuwa askari mstaafu anayeishi pale Mbuya, macho yake yalikufa kwa ugonjwa, na kila mwaka alikimbia nasi ameshika kamba na mpwa wake wa kike. Alifika miongoni mwa wa mwisho. Alisimama mbele yangu akihema, uso umeelekea kidogo pembeni.

"Mama. Njia yako imepunguka."

"Afande, saa zote zinasema kumi."

"Mimi hapana saa. Mimi nahesabu mguu. Kutoka ile tuta ya barabara mpaka pahali tunageuka, kila mwaka ni mia sita na kumi. Mara ingine kumi na mbili. Leo mia tano sitini na tano."

"Labda leo umepiga hatua ndefu."

"Na umri hii?" Akacheka. "Kwenda mia tano sitini na tano, kurudi mia tano sitini na tano. Mama, mimi sigombani. Nakwambia tu."

Mwenyekiti wetu alikuwa karibu, akanivuta kando. "Saa mia mbili zimesema kumi. Utamsikiliza kipofu?"

Saa mia mbili zimesema kumi. Niliyarudia maneno yale. Lini, katika miaka yangu yote, saa zimewahi kusema kumi juu ya kumi ya kweli?

Jumatatu alfajiri nilipanda Mbuya peke yangu na baiskeli na tepu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nililiona lango la kanisa nilipokaribia kuligusa. Nikahesabu nguzo kwa mkono, nikiigusa kila moja. Ya kwanza ilikuwa mpya, bado inanuka dawa ya mbao, imesimikwa karibu na lango, mahali ambapo hapakuwa na nguzo. Ya nne ya sasa ilikuwa ya tatu ya zamani. Nikavuta tepu hadi nguzo iliyofuata, ile ya daftari langu, nikachimbua lami kwa bisibisi mpaka ncha ikagonga chuma. Mita arobaini na mbili. Kwenda na kurudi, themanini na nne. Kwa mwendo wa Nambi ni sekunde kumi na saba. Nilikaa chini pale pale, kwenye lami yenye unyevu. Hakukuwa na mtu. Ningeweza kurudisha lami mahali pake kwa kisigino.

Siwezi kusema niliamua papo hapo. Nilishuka nikakaa na jambo hilo siku mbili, nikajaribu kujiambia kwamba sekunde kumi na saba ni pumzi tu. Siku ya tatu nilikwenda Kamwokya kabla ya kwenda ofisini, kwa sababu niliona ni bora Nambi asilisikie kwa mwenyekiti.

Saluni ilikuwa chumba kimoja, jirani wanapiga muziki mpaka kioo kinatetemeka ukutani. Nambi alikuwa anamsuka mama mmoja. Aliponiona akang'aa.

"Mama Lukia! Kaa, kaa. Umeleta barua ya safari?"

Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nguzo, lami, mvua, sahihi yangu. Vidole vyake havikuacha kusuka.

"Saa yangu ilisema kumi," alisema. Akaonyesha mkono, saa kuukuu yenye ufa. "Tena na mita kumi juu. Nimeitunza hapa, sijafuta."

"Najua. Ingekuwa kumi za kweli, saa hiyo ingesema kumi na mia moja."

"Kwa hiyo ikisema kumi si kumi."

"Ndiyo."

"Na ikisema si kumi ndiyo kumi." Alicheka bila furaha. "Bambi, masikini mimi. Na wewe ungenyamaza, nani angejua?"

"Afande Odongo anajua. Mimi najua."

Yule mama aliyekuwa anasukwa alinitazama kupitia kioo, akainamisha macho. Nambi alimaliza mstari mzima wa nywele, kutoka paji la uso hadi shingoni, polepole, akafunga ncha. Nami nilisubiri. Sijui nilisubiri nini.

"Ondoka, Mama," alisema hatimaye. "Nina kazi."

Niliandika ripoti. Matokeo yakafutwa. Mwenyekiti hakusema nami wiki nzima, na wale walionipa mkono walipita mbali. Nilimwomba jambo moja tu: orodha ya safari ilikuwa haijafungwa, basi wakimbiaji kumi wa mbele wapewe nafasi ya kurudia, njia ile ile. Alikubali kwa kichwa, bila kuniangalia.

Tulipima upya watu watatu, kila mtu na baiskeli yake, nikapigilia msumari mpya kichwa kikiwa juu ya lami. Baada ya wiki tano, asubuhi ya kurudia, sikumpigia mtu simu. Nilipanda mwenyewe, nikasimama juu ya msumari huku koni nimeishika mkononi, kwa maana sikuiamini hata koni. Kulikuwa na ukungu tena. Nilisikia viatu kabla sijaona mtu, pa-pa-pa, sauti inatoka kila upande, kisha wakajitokeza mmoja mmoja, kama wanaozaliwa humo. Nambi alikuwa wa kwanza. Alinizunguka karibu sana hata nikasikia joto la bega lake. Macho yake yalikuwa mbele, sidhani aliniona. Akamezwa tena na weupe.

Nyuma kabisa, bila kualikwa, akaja Afande Odongo na mpwa wake.

"Mia sita na kumi na moja!" alipiga kelele kabla sijamsalimu. "Hiyo sasa ni njia!"

Nilishuka na baiskeli kwa kasi isiyofaa umri wangu. Nilipofika chini Nambi alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, amefunga mikono magotini. Hakuna aliyekuwa anammwagia mtu maji. Nilisoma saa ya chama mezani. Dakika thelathini na nne, sekunde tano.

Sekunde tano juu ya kipimo cha safari. Nilizunguka meza nikitafuta kitu cha kushika. Kisha nikaenda nikaketi kando yake, si karibu sana. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi, kwa Kiswahili na kwa Kiganda.

Yeye ndiye aliyeanza. "Leo zilikuwa kumi?"

"Kumi kamili. Nilisimama juu ya msumari."

"Nilikuona."

Akainua mkono akatazama saa yake yenye ufa, akanionyesha. Kumi na mita mia moja na tisini. Tukatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya saluni, mdomo wake ukalegea.

"Sijawahi kukimbia thelathini na nne na tano," alisema. "Bora yangu ya zamani, ukitoa ile ya uongo, ni thelathini na tano na kitu. Basi hii ni yangu?"

"Ni yako."

"Niandikie."

Nikachana karatasi katika daftari, nikaandika jina lake, kilomita kumi, dakika thelathini na nne na sekunde tano, nikatia sahihi. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiingiza ndani ya soksi. Halafu akasimama, akajinyoosha, akaniaga kwa heshima, akaondoka kwa miguu kuelekea Kamwokya. Alikuwa na wateja wawili wa kusuka kabla ya saa sita.